Fundi na Rejeta ya Oili

Fundi wa pikipiki jirani yangu hubembeleza nati kama mkwe aliyenuna: "Toka, mama, toka taratibu, hatugombani." Akitaka kujua kama injini imepoa, huiwekea shavu, nasi tunaopita humtania kwamba anaibusu. Jana alikuwa akitoa rejeta ndogo ya kupozea oili kwenye pikipiki kuukuu yenye umri mkubwa kuliko yeye, nami nimeegemea fimbo yangu, tunapiga soga. Kwa kunogewa na maneno, lile shavu akalisahau. Akalegeza bomba la chini, oili ya moto ikammwagikia kiganjani, inafuka moshi, na yeye anaendelea tu kunisimulia ugomvi wa mashemeji zake.

"Fundi, mkono! Unaungua!" nilipiga yowe.

Akautazama kama amekabidhiwa mkono wa mtu mwingine. Ngozi ilishaanza kututumka.

"Mkono huu umekufa ganzi siku nyingi, babu," akaninong'oneza. "Mke wangu asijue. Atanikataza kazi, na nyingine siijui."

Akajifuta kwa kitambaa, akaokota spana, kisha akainamisha kichwa kutazama kama kweli ameishika.