Tulivyoimba Tukingoja Jua Lizame

Gazeti lilifika Kebirigo likiwa limechelewa siku moja, na mimi nikiwa nimetukanwa ndani yake. Aliyelisoma kwa sauti alikuwa mwenye duka la nguo, mfanyabiashara mchangamfu aliyehamia kwetu kutoka kando ya ziwa. Aliponiona nikipita na vitabu vya wanafunzi kichwani akaniita.

"Mwalimu, kuja usikie! Hii gazeti inasema nyinyi watu ya Kebirigo mnapiga makelele."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, na pamoja na walimu wenzangu na vijana wa jirani tulikuwa tumeunda kundi la mchezo wa kuimba. Tulikuwa tumepita mchujo kule Mosocho, sasa tunangoja fainali mjini Kisii, na mwandishi mmoja kutoka Nairobi alikuwa amekuja kututazama. Aliandika kwamba hadithi yetu ni nzuri na nyimbo zimetungwa vizuri, ila mwimbaji mkuu anaimba kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya bonde. Mwimbaji mkuu alikuwa mimi.

Niliudhika zaidi kwa sababu alisema kweli. Tangu utotoni mama alinituma nisimame nyuma ya nyumba nimwite shangazi aliyeolewa mlima wa pili. Usipoitoa sauti kutoka kitovuni, basi utaifuata hiyo njia kwa miguu, ushuke mpaka mtoni na upande tena. Hiyo ndiyo shule yangu ya uimbaji, na bwana yule hakuwahi kupanda mlima wowote kwenda kumwita mtu.

Wiki nzima soko likawa bunge. Wauza ndizi ambao hawakukanyaga Mosocho walijua nani atachukua ngao ya ushindi na nani atarudi mikono mitupu. Kundi la Ekerenyo lilisemekana lina wachezaji wazuri, kundi la ziwani lina ngoma kali, na sisi tulikuwa na mwanamke wa makelele. Kila mtu alikuwa na ushauri. Mmoja aliniambia niimbe nikiwa nimefunga mdomo nusu. Nilimwuliza kama yeye hula ugali hivyo.

Aliyenielewa alikuwa mwalimu mwenzangu, aliyefundisha darasa la saba. Yeye ndiye aliyepiga obokano, zeze letu kubwa la nyuzi nane, na ndiye aliyeigiza kaka yangu. Mchezo wetu ulihusu msichana anayeharakishwa kuolewa ili ng'ombe wa mahari yake wamwozee kaka yake mke. Kiitikio tulikitunga wote wawili kwenye chumba cha walimu: "Ng'ombe wameingia boma, nani sasa atatoka?" Nilipomwonyesha gazeti alicheka.

"Usipunguze hata kidogo, Mwalimu," akasema. "Mimi nitakaza nyuzi zikufikie."

Nikaapa kwamba ile ngao italetwa Kebirigo na sauti ileile iliyosimangwa. Niliitaka kwa moyo wangu wote. Sijawahi kutaka kitu cha mkononi namna ile, hata cheti cha ualimu.

Kisha likaja tangazo la fainali: Jumamosi alasiri.

Mimi ni Msabato, na nusu ya kundi walikuwa Wasabato kama mimi. Nusu ya pili, akiwemo mwenzangu wa obokano, walikuwa Wakatoliki. Kwetu Sabato inaanza Ijumaa jua likizama na kuisha Jumamosi jua likizama, na katikati hapo hata kupika hupiki, seuze kupanda jukwaani kushindania ngao. Nilikwenda Kisii kuwaomba waandalizi wabadilishe siku. Wakanijibu kwamba ukumbi umeshakodiwa, lakini wanaweza kutuweka mwisho kabisa, na kwa vyovyote zamu yetu itafika usiku ukishaingia. Wazee wa kanisa walipopata habari waliniita wakasema maneno machache tu: nikiimba ndani ya Sabato, nitafutwa ushirika, na watoto niliokuwa nikiwafundisha kanisani watapewa mwalimu mwingine.

Ijumaa asubuhi nilimkuta mama ameshawasha pasi ya makaa, anainyoosha nguo yangu ya mchezo, pindo kwa pindo.

"Nimeinyoosha leo ili kesho usiiguse," akasema. "Jua likizama, ivae. Kabla ya hapo, mwanangu, iache ikae kwenye mfuko hata akikuita Rais."

Sisi Wasabato tulisafiri mchana huohuo, tukalala kwa ndugu zetu mjini, na asubuhi tukaenda kanisani. Alasiri tulitembea polepole hadi ukumbini tukakaa nje, chini ya paa, mifuko magotini. Ndani tulisikia makofi na ngoma. Wenzetu Wakatoliki walikuwa wameshafika kwa lori, wamekwisha kuvaa. Mambo yalikuwa shwari.

Shwari hiyo haikudumu. Kundi moja lilikwama kwenye tope njiani, na jingine likajitoa baada ya kugombana lenyewe kwa lenyewe. Karani wa mashindano akatoka mlangoni akaita jina la kundi letu kabla ya wakati.

"Bado," nikamwambia. "Tunangoja jua lizame."

Akatazama juu. "Si limeshazama, dada? Huoni kuku wanarudi kulala?"

Hapo ndipo Kisii inapowadanganya wageni. Mji ule umezungukwa na vilima, na jua hujificha nyuma ya mlima wa magharibi mapema, kivuli kikajaa mitaani, mtu akadhani siku imekwisha. Ukitaka kujua ukweli, geuka utazame upande wa pili. Niligeuka. Juu ya ukingo wa mlima wa Manga bado kulikuwa na manjano, utepe mpana tu. Mahali jua linapofika, jua lipo. Tulilelewa hivyo, na mama hakuwahi kuwasha moto wa jioni ya Jumamosi mpaka milima ya ng'ambo izime yote.

Mwenzangu alitoka mbio na obokano kwapani. Jasho lilikuwa limemtoka.

"Mwalimu, wanasema tusipoanza sasa wanatuondoa. Jua limeingia. Kila mtu anaona limeingia."

"Limeingia nyuma ya mlima," nikasema. "Halijazama."

"Hakuna atakayejua!"

"Mimi ninajua."

Alinitazama kama mtu anayetafuta jiwe la kunitupia. Niliiona ngao ikinitoka, nikaiona na aibu itakayonipata Kebirigo, na miguu yangu ilitaka kuingia ndani bila ruhusa yangu. Nikaukumbatia ule mfuko wa nguo.

Mwenzangu aliguna, akageuka, akarudi ndani. Mara nikaisikia obokano ikinguruma, na nyuma yake Wakatoliki wetu wakaanza: "Ng'ombe wameingia boma, nani sasa atatoka?" Kiitikio kile kilipaswa kuimbwa mara mbili, kisha mimi niingie. Wakakiimba mara mbili. Wakarudia. Wakashusha sauti, wakapandisha, mwenzangu akabuni maneno ya kuwataja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao, mweusi, mwekundu, yule mwenye baka la uso, na kila ng'ombe akaingia boma kwa madaha. Watazamaji wakaanza kuitikia. Akina mama wakapiga vigelegele. Nje, nusu yetu tulisimama tukiutazama ule utepe wa manjano ukipungua, na sijawahi kuona jua vivu namna ile.

Ulipozima, tulivaa kwenye ukuta wa nyuma tukisukumana, nikaingia jukwaani na pumzi zangu zote. Niliimba kama ninamwita shangazi. Niliwaona watu wa safu ya nyuma wakikaa wima. Mwenzangu alikaza nyuzi kama alivyoahidi, ingawa koo lake lilikuwa limekauka na kaka wa mchezo akawa anaongea kama jogoo mgonjwa.

Tulipomaliza, jaji mkuu alituita sisi wawili pembeni. Alikuwa mtu mzima mwenye huruma, na alama zetu alikuwa nazo mkononi.

"Mmezidisha muda sana," akasema. "Kanuni inanitaka nikate alama, isipokuwa kundi limecheleweshwa na ugonjwa au gari. Nadhani lori lenu liliharibika, na baadhi yenu wakachelewa kufika. Sivyo?"

Mwenzangu alinikanyaga mguu.

"Lori lilikuwa zima," nikasema.

"Fikiri vizuri, dada. Barabara ya kwenu ni mbaya."

"Barabara ni mbaya, lakini tulifika mapema. Tulikuwa nje tukingoja Sabato iishe."

Akachukua kalamu, akakata alama. Ngao ilikwenda ziwani. Sisi tulikuwa wa pili, na kwa wa pili palikuwa na kupeana mikono tu.

Gazeti la wiki iliyofuata nilisomewa dukani tena. Mwandishi yuleyule alisifu mwanzo wa mchezo wetu. Alisema hajaona kundi lenye ujasiri wa kuwangojesha watazamaji kiasi kile mpaka wao wenyewe wakamtamani mwimbaji, na kwamba mwimbaji huyo naye amejifunza. Sikuwa nimejifunza chochote! Niliimba vilevile kama Mosocho. Soko liligawanyika, wengine wakisema tumeibiwa, wengine wakisema nimewauza kwa ajili ya kanisa. Mama alisema ile ngao tungeiweka wapi, nasi hatuna hata kabati. Nililia mbele yake bila kuona haya. Niliitaka, na bado nisingesema lile neno la lori.

Mwenzangu hakunigombeza. Alifanya baya zaidi, akawa na adabu. Alinisalimu asubuhi, akaniaga jioni, na wakati wa chai aligeuza kiti chake kikatazama dirisha. Aliimba mpaka akapoteza sauti kwa ajili ya dini isiyo yake, nami sikuweza kumpa uongo mdogo mmoja. Ninamwelewa. Hata leo ningemjibu yule jaji vilevile, na hata leo kiti kile kikigeuka kitaniuma.

Muhula baada ya muhula ukapita hivyo, hadi msimu mwingine wa michezo ukafika na waandalizi wakatangaza siku mpya ya fainali, wakidhani wamewaridhisha wote: Jumapili asubuhi.

Siku hiyo nilikuwa nikifundisha hesabu. Mwenzangu alikuja akasimama kwenye mlango wa darasa langu, mikono mfukoni.

"Misa yetu inaisha saa nne," akasema. "Wanataka tuanze saa tatu."

"Kiitikio ninakijua," nikamwambia.

"Padri wetu ana mahubiri marefu, Mwalimu."

"Aseme mpaka achoke," nikasema. "Utatukuta tunaimba."