Fundi wa Marinda na Tumbo la Kitambaa

Katika chuo cha udaktari hapa Oruro, mji wetu wa milimani, kuna kabati la kioo, na ndani ya kabati hilo kuna tumbo. Si la mtu, ni la kitambaa: ini la mahameli nyekundu, bandama ya zambarau, utumbo wa satini ya waridi uliojazwa sufu ya lama, yule mnyama wetu wa mizigo. Chini yake wameweka karatasi iliyopigwa chapa: Kazi ya Romulo Arandia. Huyo Romulo, haki ya Mungu, hata kifungo cha shati lake hajui kukishona. Miaka mitano aliyokaa nyumbani kwetu vifungo vyake nilivishona mimi.

Tumbo lile alilishona wifi yangu, Basilia Chambi, dada wa marehemu mume wangu. Basilia anashona sketi za marinda, zile pana za mita saba ambazo mwanamke wa huku akizivaa mlango unamtosha kwa shida. Mimi kazi yangu ni pasi. Tumekaa pamoja kwenye chumba kile cha ushonaji miaka ishirini na miwili, yeye na pini zake mdomoni, mimi na maneno yangu. Shule aliiacha darasa la tatu. Futi kamba anayo, ameitundika ukutani ili wateja wasiwe na wasiwasi, lakini anapima kwa jicho. Mteja akiomba mita tano badala ya saba, Basilia anamfungulia mlango tu.

Romulo alikuja kutoka Tupiza akapanga chumba cha nyuma. Kijana mpole, mla sana, na mtihani wa maumbile ya mwili ulikuwa umemwangusha mara mbili, mara zote mbili tumboni. Kichwa alikuwa anakiweza, miguu anaiweza. Mara ya tatu akianguka, chuo kinamfukuza, na baba yake alikuwa ameshauza ng'ombe wote kwa ajili yake. Kwa hiyo akawa anakariri kwa sauti, akizunguka meza yetu ya kukatia: utumbo mwembamba mita sita, umeshikwa kwenye ukuta wa nyuma na utando ambao shina lake halifiki hata shubiri. Akifika hapo anakwama, anaanza upya. Wiki nzima. Mimi nilitaka kumpiga na pasi.

Siku ya nane Basilia akatoa pini mdomoni. Akamwambia arudie zile hesabu, pole pole. Akarudia.

"Mita sita kwenye shubiri moja," akasema wifi. "Na mimi nilijiona najua kubana marinda. Nani huyo fundi?"

Romulo akamjibu kwamba ni Mungu. Basilia akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna duka jipya la ushonaji mtaa wa pili, halafu akashuka kwenye kiti akaenda kutafuta vipande vya satini.

Sketi tatu za harusi zikangoja. Alimhoji yule kijana kama polisi: kipi kiko mbele, kipi nyuma, kipi kimeshonwa, kipi kinacheza. Nami nikaelewa hapo hapo, pasi mkononi, mambo ambayo walimu wake walishindwa kumwelewesha. Kumbe tumbo lina bitana, laini, yenye unyevu, inazunguka ndani kote. Figo hazimo ndani ya bitana, zimewekwa nyuma yake, kama noti aliyoificha mtu kwenye koti. Utumbo mwembamba umening'inizwa kwa marinda: mkanda mfupi juu, upindo mrefu chini, na mishipa ya damu inapita katikati ya mikunjo. Mfuko wa chakula umevaa aproni ya mafuta inayofunika vyote mbele. Utumbo mpana unapanda kulia, unavuka, unashuka kushoto ukiwa umebandikwa ukutani, halafu karibu na mlango wa kutokea unaachiwa kitanzi kimoja kinachocheza.

Kitanzi hicho hakikumpendeza Basilia. Alikishona, akakifumua, akakishona tena, na miguu miwili ya kitanzi ikawa bado imekaribiana mno. Romulo akamwambia ndivyo kilivyo, na kwetu watu wa milimani ndiyo zaidi, maana kitanzi chetu ni kirefu kuliko cha watu wa pwani.

"Basi hapa fundi alikuwa na haraka," akasema Basilia. "Kitambaa kirefu, mkanda mwembamba. Kikijizungusha hapa, upepo haupiti, damu haipiti, na kitambaa chote cha juu kinaharibika. Umesikia?"

Alisikia. Profesa alimuuliza swali hilo hilo kwenye mtihani, naye akajibu kwa maneno hayo hayo, mkanda na kitambaa na vyote, akapewa alama za juu kuliko darasa zima. Profesa akaomba kuliona hilo tumbo. Halikurudi. Lilipowekwa kabatini na ile karatasi, niliwaka moto nikataka kwenda chuoni. Romulo alikuwa amewaeleza kwamba mama wa nyumba alimsaidia kidogo kushona. Mama wa nyumba! Nilimwambia wifi wangeandika angalau neno moja, fundi, basi. Basilia hata kichwa hakuinua. Alisema mshono wa bandama ulikaa vibaya, na mshono uliokaa vibaya ni afadhali uwe na jina la mtu mwingine.

Ikapita miaka saba. Romulo akawa daktari wa upasuaji, akaoa, akanenepa, akawa anafundisha. Anatusalimu barabarani, sikatai. Basilia akafika miaka sitini na mmoja, akashonea sherehe ya Bikira sketi arobaini, na Jumamosi ya sherehe akakaa kitako akala alivyofanya kazi: maharage mapana, nyama ya lama, viazi vilivyokaushwa kwa baridi ya usiku, na bia juu yake. Jumapili asubuhi tumbo lilikuwa limejaa upande mmoja. Jumatatu mchana lilikuwa gumu kama ngoma, anatapika, na tangu Jumamosi upepo haujatoka hata mara moja. Nasema wazi kwa sababu hilo ndilo lililotutisha. Basilia ni mtu wa kutoa upepo bila kuomba radhi.

Hospitalini tukamkuta nani? Romulo, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni. Akamkumbatia, akamwita mama, akamgonga tumbo kwa vidole viwili, huku wanafunzi wanne wamemsimamia nyuma. Akasema amevimbiwa, Oruro nzima imevimbiwa leo, anywe chai ya anisi na atembee tembee. Karatasi alikuwa ameshaijaza. Nikaisoma kichwa chini: mwanamke, mkulima, hajasoma. Mkulima! Maisha yake yote Basilia hajapanda hata kitunguu.

Wifi akamwambia si kuvimbiwa. Akamwambia ni kile kitanzi.

"Mama yangu," Romulo akasema, kwa ile sauti ya kubembeleza wagonjwa, "haya mambo ya ndani ni magumu kidogo kuyaeleza. Nenda kapumzike, kesho utaniona."

Kesho. Nilimwangalia wifi nikaona midomo imebadilika rangi, na nikajua kwamba tukitoka mlango ule sitarudi naye. Niliogopa hata maneno yakaniishia, mimi ambaye hayajawahi kuniishia. Yeye hakubishana. Aliketi kwenye kitanda, jasho linamtiririka, akashika sketi yake mwenyewe ya juu, ile ya kijani ya sherehe. Akabana sehemu mbili za kitambaa kwa vidole, karibu karibu, akainua kitanzi kikubwa cha marinda, akakizungusha mara moja. Kitambaa kikakaza, kikasimama.

"Mkanda mwembamba," akasema. "Upepo haupiti. Nini kingine hakipiti, Romulo? Jibu. Ulishajibu siku ile."

Wanafunzi walitazama sketi, kisha wakamtazama mwalimu wao. Yeye alitazama ile mikono. Nilimwona anaelewa, ilianzia masikioni, yakawa mekundu, kisha uso wote ukawa mweupe.

"Damu," akasema kwa sauti ndogo.

Kuanzia hapo walikimbia. Picha ilionyesha kitanzi kimevimba mpaka chini ya mbavu, kama tyubu ya baiskeli iliyokunjwa. Waliingiza mrija kutoka chini, ukagoma, wakamfungua tumbo jioni ile ile. Romulo alitoka amelowa, akaniambia kipande kimoja kilikuwa kimeanza kuwa cheusi na wamekikata, vingine vyote vizima, na kwamba saa chache zaidi tusingeongea hivi. Nilimshukuru. Kumtukana nilikuahirisha.

Siku ya tano alikuja na wanafunzi wake wote kumwonyesha mgonjwa. Akawaeleza kitanzi na mkanda, vizuri sana, huku Basilia akisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma. Walipofunua bandeji, wifi akaomba kioo. Nikampa changu kidogo. Akautazama mshono kutoka kitovuni mpaka chini, akarudi juu, akatazama tena. Ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi.

"Hii kazi ya nani?" akauliza.

Romulo akasema ni yake.

"Haya. Na hapa andika jina lako."

Hakuna aliyecheka. Romulo alisimama pale, mikono ameiweka mbele kama siku ile ya kwanza alipokuja kuomba chumba, kisha akainamisha kichwa.

"Ndiyo, fundi," akasema.

Neno hilo nimelingoja miaka saba, na machozi yalinitoka mbele ya wanafunzi. Basilia sidhani kama alilisikia. Alikuwa ameshamgeukia muuguzi kumuuliza ni lini ataruhusiwa kula maharage.