Dola ya Mbuzi Wawili

Kosa lilikuwa langu. Niliposhuka kwenye basi Kasese nilimpigia mama simu nikamwambia Ijumaa tuipeleke ile sarafu ya dola ya marehemu baba Bwera ikapimwe. Nimezunguka miaka mingi hata nikasahau kwamba kwetu Kyarumba kitu hakionyeshwi kwa wageni kabla hakijasuguliwa.

Dola hiyo baba aliipata kwa kumpa mbuzi wawili mchuuzi kutoka upande wa Kongo, mimi sijazaliwa. Mdogo wake alicheka siku ile, na hajaacha. Kila Krismasi mama aliisugua pamoja na sufuria, kwa majivu na majani makavu ya mgomba, na baba mdogo hakukosa kupita. "Shemeji, kizibo chako cha soda kimeng'aa!" Mama alizidi kuisugua. Kuiuza hakutaka. Alitaka tu kujua kama aliolewa na mjinga.

Mimi nilikuwa na hamu yangu. Nairobi niliwahi kufanya kazi miezi michache katika duka la vitu vya kale, nikafundishwa dola kubwa za fedha za Wamarekani. Unatazama mwaka chini ya shingo ya mwanamke aliyechorwa upande mmoja. Unageuza, unatafuta herufi ndogo chini ya mkia wa tai, maana ndiyo inayosema ilitengenezwa mji gani. Kisha nywele zilizo juu ya sikio: zikiwa bado zinahesabika, bei inapanda. Na usiisafishe kamwe. Ule weusi wa uzee wanunuzi wanaupenda kuliko mng'ao.

Tulipofika Bwera mama alifungua kitambaa. Iling'aa kama kijiko cha harusi. Nywele hakuna. Tai amebaki kivuli.

"Mama, umeisugua?"

"Jana, na leo asubuhi. Ulitaka tudharauliwe?"

Baba mdogo, aliyekuja nasi ili asikikose kicheko, alikuwa amekwisha kuanza.

Mpimaji alikuwa mwanamke wa Butembo, Kongo, anayenunua dhahabu nyuma ya duka la vitenge, rozari yake ikining'inia kando ya mizani. Aliigusisha sumaku, haikunasa. Akaipima: gramu ishirini na sita kasoro. Mpya hukaribia ishirini na saba. Akaidondosha kwenye kisahani, ikalia mlio mrefu mwembamba. Kisha akaiinamia na lenzi.

"Sema tu, dada," akasema baba mdogo. "Ni kizibo?"

"Papa, ngoja. Mama, hii unaisuguaka na nini?"

"Majivu."

"Miaka ngapi?"

"Tangu huyu hajazaliwa," mama akasema, akinionyesha mimi na mvi zangu.

Yule mwanamke alicheka mpaka akashika meza. "Kwa batu ya kukusanya vitu ya zamani, umeiharibu. Mwaka haionekane, herufi imekufa. Bei iko ya uzito tu." Nikanyoosha mkono niichukue. "Lakini mama, sikia. Ya bandia banaipakaka fedha juu-juu. Kwa majivu yako shaba ingetoka Krismasi ya pili. Hii iko nyeupe mpaka ndani. Mutu aliyekuletea hii hakudanganyiwa."

Mama alimwomba aseme tena, kwa sauti. Alisema. Mama akamwomba amwambie shemeji yake, akimtazama usoni. Akamwambia.

Baba mdogo alikuna kidevu. "Basi mbuzi wenyewe walikuwa wazuri," akasema, na sote tukaangua kicheko, mama kuliko wote.

Kurudi Kyarumba tulipanda kijia chenye mwinuko mkali taratibu, kwa sababu mama alisimama kila nyumba tuliyoipita. "Shemeji, waonyeshe." Naye baba mdogo, aliyepewa aibebe, alikuwa akiitoa mfukoni, anaidondosha juu ya jiwe ili ilie, na anaeleza habari za sumaku na za majivu kana kwamba ni yeye aliyewatoa wale mbuzi. Kufikia nyumba ya sita alikuwa anasimulia vizuri kuliko mpimaji.

Nilitaka kumwambia mama sasa aache kuisugua, nikajizuia. Krismasi hii nitakuwepo. Baba mdogo ameomba majivu ayachekeche yeye.