Uji wa Mtoto Asiyenuna

Mwalimu wa chekechea hakuwa mtu wa mchezo. Watoto walimwita Mama Asante, na wazazi nao wakalidaka jina hilo, maana kwake hupokei hata kipande cha chaki bila kusema asante. Mwaka wa kumi na tisa huo alikuwa anafundisha katika chumba kilekile: mikeka mitatu, ubao uliochubuka, dirisha la kufungwa kwa kamba. Ukimlalamikia kwamba chumba ni kidogo, atakwambia kidogo si haba, kisha atakutajia mambo ya kushukuru mpaka ujute kufungua mdomo.

Kilichomkera kuliko vyote ni mtoto wa kununa. Huyu kapewa kikombe chekundu, anataka cha kijani. Yule anachungulia uji wa mwenzake kama kaibiwa. "Ukipewa, shukuru. Usipopewa, usinune," aliwaimbisha kila asubuhi, na darasa zima likaitikia kwa makofi.

Basi akaletwa mtoto mpya, binti wa fundi cherehani, mwembamba, mwenye adabu ya kupitiliza. Wiki nzima hakulia, hakugombea kikombe, hakuomba kitu. Mama Asante alifurahi, jamani, utadhani kaokota dhahabu! Akamsimamisha mbele ya wenzake. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye mtoto aliyeridhika. Igeni."

Wiki ya pili binti akaanza kusinzia kwenye kuhesabu. Ya tatu akashindwa kuinuka mkekani kwenda kucheza. Asubuhi moja mama yake akaja, macho mekundu, sindano bado imechomekwa kwenye kola.

"Mwalimu, mwanangu anakwisha. Asubuhi tunatoka mbio, nategemea uji wenu wa saa nne, lakini nikimchukua mchana anakula kama hajaona chakula tangu jana. Dawa ya minyoo nimempa, wapi! Kesho namtoa shule nikahangaike naye hospitali."

Ilipofika saa nne Mama Asante akaacha kazi zake, akakaa pembeni kutazama uji ukigawiwa. Mpishi alipita na ndoo na upawa, akimkaribisha kila mtoto kama mgeni, ndiyo tabia yake.

"Karibuni uji!"

"Mimi! Nataka! Jaza!" Vikombe vikanyooshwa, vikajazwa, asante zikafuata.

Akamfikia binti. "Karibu uji, mama."

Mtoto akakunja mikono kifuani, akainamisha kichwa. "Asante."

Mpishi akapita.

"We! Mbona umemruka?" Mama Asante alisimama.

"Nani, huyu? Si kasema asante? Kila siku namkaribisha, ananiambia asante. Mtu ukimkaribisha akasema asante, si ndiyo kashiba? Nikajua kwao anakunywa chai ya maana. Sasa nimlazimishe?"

Wiki tatu! Wale wenye kelele, aliowagombeza kila siku, walishiba. Mtoto aliyemsikiliza neno kwa neno ndiye aliyeshinda njaa, na yeye akamsifia njaa hiyo mbele ya darasa. Mama Asante akapiga magoti mkekani.

"Mwanangu, mbona hukusema una njaa?"

Binti akajua ana kesi. "Sikununa, mwalimu," alijibu haraka. "Hata siku moja sikununa."

Akanyweshwa vikombe viwili. Mchana Mama Asante akamngoja fundi cherehani langoni, akamweleza yote bila kujitetea.

"Kwa hiyo haumwi?"

"Haumwi. Mimi ndiye niliyemfundisha vibaya. Nisamehe, mama."

Fundi akacheka, akalia, akasema atamrudisha kesho, ila wakimsahau tena watamjua yeye ni nani.

Kesho yake asubuhi wimbo haukuimbwa. "Leo tunajifunza jingine," Mama Asante alisema. "Mwenye njaa anasema nina njaa. Si utovu wa adabu."

Darasa likapiga makofi. Binti hakupiga. Alimtazama mwalimu kwa muda, akapima, kisha akanyoosha mkono.

"Mimi nina njaa."

Ilikuwa saa mbili na dakika tano, hata moto haujawashwa. Mama Asante akaweka chaki chini, akaenda jikoni kuuwasha mwenyewe.