Jiko la Kina Zuhura

Enzi zile tukiwa wasichana wadogo huku Nyakabanda, moshi ndiyo ilikuwa saa yetu. Ukiuona unatoka kwa fulani, unajua pale leo watu watakula. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka, si ndiyo? Baba yangu fundi cherehani, yuko barazani na pasi yake ya mkaa, akipuliza majivu yanaturukia machoni, na sisi palepale tunaruka kamba, tunakohoa, tunacheka. Mama yuko ndani na kuni mbichi, jikoni hakuna dirisha. Tukimuuliza, "Mama, mbona unakohoa hivi?" anajibu, "Ni pilipili, sha. Nendeni mkacheze." Pilipili! Hata siku ya uji ni pilipili.

Basi tukasikia komini, serikali yetu ya hapa, inatuma mama mmoja kuangalia majiko. Nyumba yenye moshi mbaya kuliko zote mtaani itajengewa jiko la udongo lenye bomba, moshi utokee juu ya bati. Moja tu, wengine waone mfano. Baba akafurahi, akasema, "Hiyo ni yetu, nani anatushinda moshi?"

Lakini mama yangu! Mgeni wa serikali aje akute masizi? Siku mbili tulisugua. Kuta tukapaka ingwa, ule udongo mweupe, mpaka jiko likang'aa kama chumba cha bibi harusi. Siku yenyewe moto hakuwasha kabisa, tukanywa chai ya jana, baridi.

Mama wa komini akaingia, akanusa, akatabasamu. "Hongera, mama. Hapa hakuna shida." Akaandika, akatoka. Jirani yetu Mama Zuhura hakuwa na habari, alikuwa anakaanga mandazi. Mgeni akatoka kule anafuta machozi na kitambaa. Jiko likaenda kwao.

Wallahi nilishikwa na wivu mpaka chakula kikanishinda. Zuhura, mwenzangu wa kamba, alikuja kucheza ananukia sabuni, mimi nanuka kuni.

"Njoo uone bomba yetu," ananiambia.

"Bomba yenu iko imepinda."

Ilikuwa imenyooka kabisa, bana. Nyumbani mama naye anasema, "Wamepewa sababu ya uchafu wao." Lakini asubuhi moja namkuta kwa Mama Zuhura, amebeba sufuria yetu ya maharagwe, wanapika pamoja. Walipiga soga muda mrefu na sikumsikia akikohoa hata mara moja. Nikarudi nyumbani nikalia. Kwetu aliendelea kupika moshini miaka mingi, na kile kifua hakikumwacha mpaka tulipomzika.

Leo serikali inapima moshi wa magari, Jumapili nyingine wanafunga barabara watu wakimbie mazoezi. Wajukuu wangu wanapika na gesi. Ikiisha, wanakaa kama wamefiwa, wanaagiza chipsi kwa simu. Hawajui kupuliza moto, hawajui hata kibiriti kinashikwaje. Lakini wakirudi kukimbia wanapumua vizuri, hakuna sauti kifuani. Ninawaonea wivu, sifichi. Zaidi nawaonea kwa niaba ya mama.

Juzi mshauri wa afya alikuja kuuliza tunapikia nini. Mjukuu wangu akakimbilia kuficha imbabura yangu, lile jiko la mkaa, maana maharagwe yangu siyaamini kwenye gesi.

"Nyanya, atatucheka!"

Nikamwambia, "Irudishe hapo, sha. Na uongeze mkaa. Mgeni atokwe na machozi kwanza, ndipo aandike."