Mkono wa Kwenye Miwani

Baba mkwe wangu Nayef hakuwa mtu mwema, na sitamsafisha kwa sababu tu amepooza. Alicheka vilema vya watu barazani, na mimi alinionea tangu siku nilipomwoa binti yake Fidda. Lakini hapa Karak ukoo wake ulimhitaji. Wanaume wakienda kuposa, hutangulia mzee mmoja, na kwa miaka mingi mzee huyo alikuwa yeye. Mwenye nyumba humwekea kikombe cha kahawa. Yeye hukiacha palepale, huomba binti, na akikubaliwa ndipo hukiinua kwa mkono wa kulia na kunywa. Akishakunywa, posa imepita. Kunywa kwa kushoto ni kumtukana mwenye nyumba.

Kiharusi kilimwangusha bafuni, kikachukua upande wote wa kulia. Mdomo ulipinda, maneno yakarudi polepole, mguu ukarudi nusu. Mkono haukurudi.

Hospitalini alikabidhiwa kwa Rawand, binti anayewafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, naye akamvika miwani mikubwa ya michezo ya kompyuta, ile ambayo ukiivaa unajiona uko mahali pengine. Nayef alijiona jikoni, ana mikono miwili mizima, kazi yake kuinua vikombe na kuvipanga kwenye rafu. Akifanikiwa, mashine inampigia makofi na kumwongezea pointi. Mzee aliyewafukuza wajukuu wakicheza michezo ya simu sasa aligombana na wauguzi wakimchelewesha zamu yake.

Mimi nilikaa pembeni nikitazama. Mkono wa kwenye miwani ulipeleka kikombe mpaka mdomoni. Mkono wa Nayef, pale mezani, ulikuwa umetambaa upana wa vidole viwili tu. Rawand alieleza kwamba mashine huukuza ule mwendo mdogo makusudi, ili ubongo uamini mkono unafanya kazi na uanze kuuamsha. Akamwambia wazi, "Ami, huo unaouona si mkono wako. Wako bado."

"Macho yangu hayajapooza, binti," akajibu. "Nimekunywa na sijamwaga hata tone."

Barazani akawa anajisifu kwa pointi zake. Wazee waliitikia kwa heshima tu. Aliyemchochea ni Hayel, mtoto wa kaka yake, ambaye alikuwa akikitolea macho kiti cha mzee kwa muda mrefu. Hayel aliijua hali ya mkono ule kuliko sisi sote, maana ndiye aliyemfungia vifungo vya kanzu kila Ijumaa.

Ikafika posa ya mjukuu wa kiume wa Nayef, mtoto wa shemeji yangu. Fidda alimlilia baba yake abaki nyumbani. Mimi nikashauri aombe yeye, kikombe anywe mwingine. Nayef akaniuliza kama kwetu watu huoa kwa midomo ya kuazima. Hayel akamshika bega.

"Twende, ami. Nani mwingine ana uzito wako? Si umeshapona?"

Nilimchukia mtu yule. Nilimwambia usoni kwamba anampeleka mzee kuaibika, akanijibu kwamba mkwe hana sauti katika mambo ya ukoo.

Ukumbi wa kina Dughaim, baba wa binti, ulijaa wanaume wa koo mbili. Nayef aliomba vizuri, lazima niseme. Sauti ilitetemeka kidogo tu. Dughaim akamjibu, "Mlilolifuata mmelipata. Kunywa kahawa yako, mzee wangu."

Nayef akakitazama kikombe bila wasiwasi wowote. Mkono ukatambaa, ukakifikia, ukakisukuma. Kahawa ikamwagikia kanzu. Akautuma tena, vidole vikakwaruza meza iliyolowa, naye akiendelea kuutazama, akiusubiri. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kuinuka na ukumbi mzima ukakaza macho. Akaurudisha mapajani.

Dughaim ni muungwana, na uungwana wake ndio uliommaliza Nayef. Aliagiza kikombe kingine, akasema kwa upole, "Mnywesheni mzee wetu."

Hayel alipiga goti upesi mno. Akamshika kidevu, akakibinya, akamimina. Nusu ya kahawa ilitokea upande uliopinda, akaifuta kwa ncha ya kilemba cha mzee mwenyewe. Halafu akasimama, akamshukuru mwenye nyumba kwa niaba ya ukoo, akaomba isomwe Fatiha. Aliongea vizuri sana, mbwa yule.

Nayef hakukanyaga tena hospitalini. Rawand alipiga simu kuuliza, Fidda akasema baba amelala.

Siku hizi wanaotaka kuposa hupita mlangoni pa Nayef wakienda kwa Hayel. Humsalimia polepole, kwa sauti kubwa, kama mtu anayesemesha mtoto mchanga, kisha husimama hapohapo na kujadiliana nani afuatane na Hayel na maneno gani yasemwe. Hawamuulizi kitu. Masikio yake hayana ugonjwa wowote.