Aliyetokea Suam, Akarudishwa Kupitia Malaba

Edinah hushona mabegi sokoni Kitale. Ukienda leo utamkuta ameinamia cherehani, mkasi ameufunga kiunoni kwa kamba. Mimi huuza uzi na zipu karibu naye, na tunasali kanisa moja. Haya ninayoandika niliyaona.

Mwanawe Derrick alipomaliza shule alitaka kuiona Uganda. Si kazi, si biashara, kutembea tu. Watu walimcheka. Edinah alimshonea begi la mgongoni la turubai ya kijani, akaweka mikanda mipana isimkate mabega. Aprili 2018 kijana akapanda basi, akavuka mpaka pale Suam. Baada ya siku tisa alifariki kwa homa huko Kapchorwa.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Suam, kwa hivyo gari la maiti lilizunguka Mbale, likaingia Kenya kwa mpaka wa Malaba, likapitia Bungoma mpaka Bokoli kwa baba yake. Tulimzika vizuri, kwa nyimbo. Begi Edinah alirudi nalo Kitale, akalitundika nyuma ya mlango.

Halafu ndoto zikaanza, na zote zilikuwa moja. Derrick amekaa kwenye jiwe karibu na lango la Suam, viatu vimejaa tope, anaangalia kila basi linalotoka Uganda. Ikawa hivyo miaka sita. Edinah alikonda, akawa anashona mkanda mmoja mara mbili bila kujua.

Siku moja senge Phelista, shangazi yake Derrick, dada ya mumewe Edinah, alimtembelea kutoka Bokoli. Aliposikia ndoto akaweka kikombe chini.

"Mlikosea njia," akasema. "Kwetu mtu akifia mbali anarudishwa kwa njia aliyotokea, na anaambiwa kila mahali: hapa ni mto, hapa ni boda, hapa ni kwenu. Nyinyi mlimpitisha Malaba. Huyo mtoto Malaba anaijulia wapi?"

"Senge, mbona hukusema siku hiyo?"

"Nani aliniuliza? Si mlikuwa na vipaza sauti."

Edinah aliniomba nimsindikize Kapchorwa, akamrudishe Derrick kwa njia yake. Niliogopa. Kanisani tunafundishwa kwamba marehemu wako mikononi mwa Mungu, hawakai kwenye mawe. Lakini nilikuwa nimeyaona macho yake. Nikaomba Mungu atuone tukienda na atuone tukirudi, nikafunga kibanda.

Kwenye basi makanga, Kemboi, alipoona mama mzima na lile begi la Derrick mgongoni alifurahi.

"Mathe, unaenda kupanda Elgon? Leta hiyo mzigo niweke juu."

"Itakaa na mimi."

"Ati siku hizi wazungu wanatoka Kitale!"

Abiria wakacheka, na Edinah akacheka kidogo.

Tulilala Kapchorwa. Asubuhi mwenye nyumba alitufungulia chumba alichokodi Derrick. Edinah aliweka begi wazi kitandani, akangoja kama mtu anayengoja mtoto avae. Kisha akafunga zipu pole pole.

"Derrick, basi limefika. Twende."

Alipolitia mgongoni akayumba. "Limekuwa zito," akaniambia. Ndani hamkuwa na kitu ila karatasi ya kuvukia mpaka, ile ya Derrick.

Njiani alimwambia kila mahali. Hapa ni Bukwo. Hapa ni mto, usiangalie chini. Makanga alikuwa Kemboi yule yule, na mara hii hakutania.

Suam, binti wa uhamiaji anaitwa Jerop. Edinah alimpa karatasi yake, halafu ya Derrick. Ilikuwa na muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Uganda, basi.

"Huyu yuko wapi, mama?"

"Amerudi leo. Mpigie muhuri."

Jerop aliangalia tarehe, akaangalia begi. "Mama, siwezi kumpigia mtu nisiyemwona. Nitapoteza kazi."

"Asipoandikwa atabaki hapa."

Edinah hakubishana zaidi. Alisimama tu hapo. Mwishowe Jerop alimrudishia karatasi kwa mikono miwili. Halafu akainama kidogo, akaliambia begi: "Derrick, hapa ni Kenya. Pita, uende nyumbani."

Edinah akapita. Mimi, Mungu anisamehe, nilisogea pembeni nimwachie mtu nafasi.

Nje alinionyesha jiwe. Mvua haikuwa imenyesha wiki mbili, lakini chini yake palikuwa na tope bichi, kama la viatu.

Bokoli tulifika jioni. Edinah aliliweka begi juu ya kaburi, akasema, "Hapa ni kwenu," akaliacha hapo.

Ndoto ziliisha usiku huo huo. Senge alisema amefika. Edinah akanenepa, mishono yake ikanyooka, nasi tukamshukuru Mungu.

Lakini juzi, akiwa anatunga uzi kwenye sindano, aliniambia, "Mama Linah, pale Suam angalau nilikuwa namwona ndotoni. Sasa amepumzika, na sura yake imeanza kunipotea. Nimesahau sikio lenye kovu ni lipi."

Mbele yake palikuwa na begi jipya la turubai ya kijani, mikanda mipana. Nikamuuliza ni nani ameagiza.

"Ni langu," akasema. "Nitaenda nikae kwa lile jiwe kidogo."